Kimeng'enya cha Pili Kilipotangulia

Nakumbuka vizuri siku zile, mwanangu, maana sijawahi kuchanganyikiwa kama vile, na mimi si mgeni wa kuchanganyikiwa. Nilikuwa msichana wa Mgeta, nimeshuka chuoni Morogoro mjini kusomea vimeng'enya, vitu vilivyomo hata kwenye mate yako, vinavyofanya ugali uwe mtamu ukiutafuna sana. Mama alibaki mlimani na kabichi zake.

Kazi yangu ilikuwa kutoa sukari kwenye makapi ya miwa. Kimeng'enya cha kwanza hukata nyuzi ndefu kuwa vipande, cha pili hukata vipande kuwa sukari. Nilitaka kuviunga viwe kitu kimoja, ili kipande kikitoka kwa cha kwanza kidakwe hapohapo na cha pili. Nikaunganisha jeni zao, yaani maagizo ya kuvitengeneza, nikawapa bakteria wakanitengenezea. Kwa kuwa cha kwanza ndicho kinachoanza kazi, nilikiweka mbele. Sisi tuliolelewa kwamba mkubwa ndiye anayetangulia mlangoni tungefanyaje vingine? Sukari haikutoka. Kila kimoja peke yake kilikuwa hodari, ila vikiungwa vinanuniana kama mawifi.

Jopo la walimu lilikuwa linakaribia kuamua kama nibaki chuoni au nirudi nikamwagilie kabichi. Kwa kukata tamaa nikageuza, cha pili mbele, cha kwanza nyuma. Sukari ikatoka. Nikarudia, ikatoka tena. Badala ya kufurahi nikaogopa, kwa sababu sikuelewa hata chembe.

Basi nikatunga maelezo, na michoro ya rangi juu yake: kilipokuwa mbele, cha kwanza kilimziba mwenzake mlango, yaani tundu lake la kupokelea vipande. Nikaenda kwa mwalimu wangu, Dakta Mkude, mama mtu mzima asiye na maneno mengi. Nikamwamkia, nikamsomea yote. Akaniuliza:

"Huo mlango kuzibwa umeuona, binti, au umeutamani?"

Nikajibu kwamba lazima iwe hivyo, vinginevyo haieleweki.

"Hata mimi sielewi," akasema. "Kaseme ulichokiona."

Nilimkasirikia sana. Yeye ana kazi yake, mimi nitaenda wapi?

Mbele ya jopo, mzee mmoja akaniuliza kwa nini ikigeuzwa inakubali. Maelezo yangu mazuri yalikuwa mdomoni tayari. Nikasema, "Sijui, mzee. Nimetafuta, sijui." Wakatazamana, wakanitoa nje. Nilisimama ukumbini nikiangalia mawingu yamefunika milima ya Uluguru, nikijiona nimeshashika jembe. Waliponiita, waliniambia nibaki, niendelee kutafuta.

Mpaka leo sijui kama ni jibu lile au ni huruma tu. Ila baadaye tulipata chombo cha kupimia umbo la vimeng'enya, tukautazama ule mlango. Ulikuwa wazi hata cha kwanza kikiwa mbele. Nimestaafu bila kujua sababu yenyewe, na bado inaniudhi nikiwa naosha vyombo.

Nawe umeniambia matokeo yako ya maabara yanapingana na umeshapata maelezo ya kuyapatanisha. Mwanangu, usikimbilie maelezo ili moyo utulie. Sema umeona nini, sema hujui nini, kisha urudi kazini na kuchanganyikiwa kwako. Kunachosha, lakini ningetulia upesi siku ile, nisingekuwa na sababu ya kwenda kuutazama ule mlango. Mungu akupe macho, akupe subira, na akubariki hata pale usipoelewa.