Shangazi Alipoalikwa Kuja Kula

Shangazi yangu alianza kuimba taarabu kwenye harusi za Bagamoyo mimi sijaota hata meno. Mshahara hakuwa nao, aliishi kwa kutunzwa. Akifika kwenye ubeti mtamu, wanawake wanainuka, wanakuja wakicheza, noti mkononi, wanambandika kwenye paji la uso, naye anawataja majina humohumo ndani ya wimbo. Kwa noti hizo tulikula, na mimi nikafika darasa la saba.

Kijana mwenye studio kule Kerege akamrekodi, akaupandisha wimbo mtandaoni. Tulifurahi sisi! Mimi kwa ndoto zangu nikajiona tayari nambebea mkoba uwanja wa ndege. Na wimbo ukapendwa kweli, saluni, kwenye bajaji, mpaka jamaa zetu wa Ubena wakapiga simu kutupongeza. Tukimuuliza yule kijana habari ya malipo, anajibu kwa adabu, "Shikamoo mama. Vinaingia vijisenti, ila havitoki mpaka vifike kiwango. Bado."

Mialiko nayo ikapungua. Tukasema labda mvua.

Kwa hiyo ulipokuja mwaliko wa Kaole, shangazi alilipiga pasi gauni lake mara mbili, na njia nzima alikuwa akijaribu sauti na kucheka peke yake. Tulipofika, mama wa bibi harusi akamkumbatia, akamketisha mkeka wa mbele.

"Dada yangu, leo pumzika. Wewe mgeni wetu, kula ushibe. Wimbo wako tunao kwenye simu."

"Haya, ahsante," shangazi akasema. Akaanza kuzikunjua na kuzikunja ncha za mtandio.

Spika ikaanza. Wanawake wakainuka kwa mazoea, wakafika mbele na noti zao, wakageuka huku na huku, mwishowe wakamtunza bibi harusi. Katikati ya ubeti, kimya.

"Bando limekwisha!" akapiga kelele binti mwenye simu.

"Ukoo mzima hamna bando? Mnaoza mwari kwa mkopo nini?" akadakia mama mmoja mnene, watu wakaangua kicheko. Akanyoosha noti aliyokuja kutunzia. "Shika, kimbia dukani kaongeze."

Nikashindwa kuvumilia. "Si mwenyewe huyu hapa! Shangazi, imba!"

Vigelegele. Shangazi akasimama, akauanza palepale ulipokatikia. Sauti yake siku hizi ina mkwaruzo, lakini ua mzima ulitulia. Yule mama mnene akaomba noti nyingine kwa jirani, akaanza kuja, mabega yakicheza. Hajamfikia, bando likaingia. Spika ikalipuka kwa sauti hiyohiyo ya shangazi, iliyosafishwa studio, ikamfunika. Midomo yake iliendelea kidogo. Yule mama akamtazama, akaitazama spika, akacheka kwa haya, akarudi kukaa.

Shangazi akakaa. Pilau ikaja, akala.

Wakati wa kurudi akaniuliza, "Huko kwenye simu wanaonisikiliza ni wengi?"

"Wengi mno, shangazi."

"Wanajua kama nipo hai?"

Nikasema wanajua, jina lake limeandikwa.

"Basi waandikie na hili, mwanangu. Waambie nikiitwa naja."

Nikaandika chini ya wimbo, na namba ya simu nikaweka. Majibu yanakuja kila siku, mpaka leo yanakuja. Wananiachia mioyo myekundu. Shangazi akisikia mlio anauliza, "Nani huyo?" Namwambia ni mtu kausikia wimbo, kaupenda.

Simu ya kumwita haijapigwa.