Kinanda cha Sellah katika Bendi ya Joash

Sellah Khalayi aliuza vitambaa sokoni Shianda siku za wiki, na Jumapili alipiga kinanda kanisani. Mwaka wa 1994 mpiga gitaa mmoja wa bendi ya Joash Were alihamia Eldoret. Nyimbo zao zilikuwa ndefu, zikigeuza mdundo mara tatu au nne kabla ya kuisha, na gitaa moja halikuweza kuzibeba. Chrispinus, mpiga ngoma ya isukuti, ndiye aliyemleta Sellah pamoja na kinanda cha umeme alichokiazima mwenyewe kwa binamu yake.

"Watu wa Navakholo hawachezi nyimbo za kanisa," Joash alisema.

"Nani amesema nitapiga za kanisa?"

"Basi harusi ya huko Jumamosi tuone. Wakikaa kwenye viti, urudi kwa kwaya."

"Na wakiinuka?"

"Wakiinuka tutaongea."

Sellah aliitaka sana nafasi ile. Alikuwa amepiga tenzi zilezile kwa miaka tisa.

Jumamosi, jenereta ikinguruma nyuma ya jikoni, alibonyeza kitufe cha ngoma inayojipiga yenyewe ndani ya kinanda. Mdundo ulitoka umenyooka, haumngoji mtu. Chrispinus akakaza mwendo, mashine ikabaki palepale. Shangazi za bibi harusi, waliokuwa wameanza kutikisa mabega, wakarudi vitini mmoja mmoja.

"Hiyo kitu haina masikio," Chrispinus alinung'unika.

Sellah akaizima ile ngoma. Sasa alibaki na vidole vyake tu, na woga. Hapo miguu yake ikaanza kupanda na kushuka chini ya meza, magoti yakikitikisa kitambaa cha meza kilichofika chini. Kinanda cha kanisani hukanyagwa ndipo kipate upepo. Hiki hakikuhitaji, lakini miguu ilikwisha kuzoea.

"Huyu anapiga muziki ama anakanyaga cherehani?" shangazi mmoja aliuliza, na meza nzima ikacheka.

Chrispinus hakucheka. Kutoka pale pembeni alipoketi aliiona miguu ile vizuri, akaifuata. Kila wimbo ulipotaka kugeuka, miguu iligeuka kwanza, na ngoma ikajua. Joash alisikiliza kidogo, akapunguza gitaa lake, akaanza kukijibu kinanda badala ya kukiongoza. Wa kwanza kuinuka alikuwa yule shangazi wa cherehani, kipande cha ingokho, kuku wa harusi, bado mkononi. Wengine hawakungoja kuitwa.

Walipopumzika, Joash alikuja akijifuta jasho.

"Wameinuka," Sellah alisema.

"Nimeona, dada. Wimbo unaofuata uanze wewe."

Kisha akakiondoa kile kitambaa kilichofunika meza mpaka chini, akakikunja. "Hata mimi nataka kuona hiyo miguu."