Anayekata Bega la Mbuzi

Mama aliiona dawa juu ya friji, katika nyumba yetu ya kupanga hapa mtaa wa Landless, siku aliyokuja kunitembelea kutoka Theta. Akasoma kile kikopo, akanigeukia.

"Ni ya nani hii?"

"Ya mume wangu. Ana virusi vya ukimwi, mimi sina. Aliniambia kabla hatujaanza kuishi pamoja."

"Mume gani? Mbuzi wa ngurario hajachinjwa. Kwetu wewe bado ni msichana. Panga nguo twende."

Aliniudhi kwelikweli, kwa sababu kimila alisema kweli. Kwetu Wakikuyu, mwanamume asipokata bega la mbuzi mbele ya wazee wa pande zote mbili, katika sherehe hiyo ya ngurario, ndoa haijawa ndoa, hata mkizeeka pamoja. Sisi tulikuwa tunaahirisha tu, mara kazi, mara mvua. Mwenzangu anachomelea mageti kule Ruiru, na jioni hagusi chakula kabla ya kumeza dawa. Amezimeza vizuri hadi daktari akatuambia hawezi kuniambukiza. Mimi hupimwa mara kwa mara, narudi nyumbani, napika, kisha tunagombania rimoti kama watu wengine. Nilimpenda, na sikuwa na mpango wa kumwacha kwa sababu ya mbuzi.

"Basi achinjwe," nikamwambia mama.

Mimi na mama tulibembelezana kwa miezi, lakini siku ikafika, tenti likasimamishwa nyumbani kwetu Theta. Bega la kuchoma likawekwa mezani. Mwenzangu aliponyoosha mkono achukue kisu, mjomba wangu, ambaye mama alikuwa amemweleza kuhusu ile dawa, akamzuia.

"Si ndugu yake amkatie? Kisu ni kisu, jamani. Akijikata je, na sisi ndio tunakula?"

Mwenzangu akarudisha mikono nyuma. Mikono inayoshinda kwenye moto kila siku! Hasira ikanipanda hadi masikioni. Bibi harusi hutakiwa kutulia na kuinamisha macho, lakini mimi nikasimama.

"Anko, anayekata ndiye anayeoa. Mkimpa ndugu yake kisu, mtakuwa mmeniozesha kwa shemeji yangu. Ndivyo mnataka?"

Shangazi mmoja akaangua kicheko. Wengine wakaguna. Mzee wa upande wa mume akakohoa, akasema msichana ametukumbusha mila, na hakuna la kuongeza. Kisu kikarudi kwa mwenyewe.

Alikata polepole, vizuri kabisa. Akanilisha mimi kwanza, kisha wazee wakapewa. Hata mjomba alitafuna, ingawa kwa shida. Mama akapokea pande lake, akaligeuzageuza, akalirudisha kwenye sahani huku machozi yakimlengalenga. Niliumia, maana ni mama yangu na uoga wake unatokana na kunipenda. Lakini sikumbembeleza. Nikavuta sahani yake, nikalichukua lile pande, nikalila mbele yake hadi likaisha.