Jiwe Chini ya Mkwaju

Juzi, kwenye maonyesho ya picha hapa Amu, mama mmoja kutoka Kililana alizitazama picha akiwa na viatu miguuni. Alipofika kwenye picha ya mwisho, ya mji na mkwaju, akavivua.

Mchoraji, ambaye huchora mandhari ya hadithi za kale, akamsogelea. "Huu ni mji wa zamani, Bi. Yasemekana ardhi iliumeza kwa kiburi cha watu wake."

"Hapa ni shambani kwetu," akajibu mama. "Chini ya mkwaju huu yuko mamangu. Sasa ndia mpya imepita yuu yake."

Mchoraji akakiri kwamba mkwaju aliuchora Kililana, kabla ya barabara, lakini kaburi hakuliona.

"Ungalilionaje? Lilikuwa na jiwe moja tu. Nitilie."

Mchoraji akaleta brashi. Mama akamwonyesha kwa kidole bila kuigusa picha, na jiwe jeupe, dogo kama ukucha, likakaa mahali pake. Mama akainua mikono, akasoma Fatiha, akavaa viatu, akaenda zake.

Tangu siku hiyo nakitafuta kiburi cha mtu aliyeomba jiwe moja tu. Bado sijakiona.