Msasa Aupumzisha Uso

Wahenga walisema kinyozi hajinyoi. Huyu wetu alijinyoa kila asubuhi, tena kinyume cha nywele, na mashavu yake yalijaa chunusi zilizobanana kama punje kwenye gunzi la mahindi.

Wateja walimwita Msasa. Wageni walidhani hiyo ni sifa ya kazi yake, kwamba ananyoa mpaka kichwa kinateleza. Wenyeji walijua ni jina la uso. Mwenyewe aliitika kwa kicheko, na waliomtania walimtania kwa adabu, maana mtu aliyeshika wembe shingoni mwako hachokozwi kupita kiasi.

Lakini kicheko kilikuwa cha mdomoni tu. Chumba chake cha kazi kilikuwa na vioo viwili, kimoja mbele ya kiti na kingine nyuma, ili mteja aone kisogo chake. Msasa alisimama katikati. Kutwa nzima aliuona uso wake ukijirudia, kioo ndani ya kioo, chunusi nyuma ya chunusi, mpaka zinapotelea huko mbali.

Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Wateja walimletea vyote viwili: nywele waliziacha sakafuni, akili wakamwachia yeye. Fundi viatu alimwambia apake dawa ya meno. Mwalimu mstaafu alimwambia aache mayai. Dereva wa teksi, bila hata kugeuza kichwa, alimwambia aoe. Na nyumbani kulikuwa na shangazi yake, aliyemlea yeye na mdogo wake wa kike tangu wakiwa wadogo. Shangazi aliamini ndimu na chumvi, na alikuwa na mkono mzito.

"Inachoma, shangazi!"

"Ikichoma ndiyo inafanya kazi. Tulia, mwanangu."

Msasa alitii kila ushauri, isipokuwa ule wa kuoa. Juu ya hayo alinawa kwa sabuni ya kufulia kila alipopata upenyo, akijisugua kwa kitambaa kigumu hadi ngozi ikavutika kama ya ngoma. Ikifika adhuhuri, uso ulikuwa unang'aa mafuta kama uliotoka kwenye kikaango. Basi anausugua tena.

Mdogo wake alipopata mchumba na harusi ikakaribia, shoga yake shangazi alileta kikopo cheupe kisicho na maandishi yoyote. "Usiniulize kimetoka wapi," alisema. "Paka, ulale."

Alipaka, akalala. Haikupita wiki, uso ukawa laini kama yai lililomenywa. Msasa akavimba kichwa. Alianza kusalimia watu wa ng'ambo ya barabara asiowajua. Siku ya harusi alisimama mbele katika kila picha, mpaka bibi harusi akamnong'oneza, "Kaka, sogea kidogo, na mimi nionekane. Leo ni yangu."

Kisha kikopo kikaisha. Shoga yake shangazi alikuwa amehama, na aliyemuuzia hakujulikana. Siku chache baadaye Msasa aliamka uso unawaka moto. Ulikuwa mwekundu, unawasha, na chunusi zimerudi na jamaa zao wote. Mteja mmoja, mtu mzima mwenye staha zake, alikaa kitini, akamtazama kwenye kioo, akainuka polepole. "Nimekumbuka nina shughuli mahali," alisema. "Nitapita siku nyingine."

Lile lilimkata maini. Kesho yake Msasa alikuja na barakoa, akavifunika vioo vyote viwili kwa taulo.

"Sasa nitajuaje kama umeninyoa sawa?" aliuliza fundi viatu.

"Niamini."

"Nakuamini, lakini toa taulo."

Mdogo wake alisikia habari hizo huko kwa mumewe. Alikuja bila kubisha hodi, akaishusha barakoa, akaukagua uso wote. Kisha akasema, "Mficha maradhi, kifo humuumbua. Funga kazi, kaka. Twende." Alimpeleka hospitali, kwa daktari wa ngozi. Msasa alikibeba kile kikopo kitupu mfukoni.

Daktari alikuwa mama mfupi mwenye sauti ya kuita watu sokoni. Alimsikiliza mpaka mwisho: sabuni ya kufulia, ndimu, chumvi, dawa ya meno, kitambaa kigumu.

"Kijana," alisema, "huo uso ulikukosea nini?"

Mdogo wake aliangua kicheko. Msasa naye akacheka, kwa mara ya kwanza tangu harusi.

Daktari alikigeuzageuza kikopo. "Krimu za namna hii mara nyingi huchanganywa dawa kali bila kipimo. Zinaficha moto, haziuzimi. Ukiziacha, ngozi inalipuka. Sasa tuiache ipumzike. Nawa asubuhi na usiku tu, kwa sabuni laini isiyo na manukato, kwa vidole, bila kusugua. Kisha paka losheni nyepesi isiyoziba vinyweleo."

"Lakini daktari, uso wangu tayari una mafuta. Unaniongezea mengine?"

"Umeukausha, ndiyo maana unajitengenezea mafuta kwa fujo. Mchana, ongeza krimu ya kukinga jua. Ngozi ikitulia, urudi nikupe dawa ya chunusi, nayo utaanza kwa kidogo sana. Foronya ibadilishe mara kwa mara. Wembe ufuate nywele zinakoelekea. Na hiyo mikono iliyoshika vichwa vya watu, isishike uso wako. Mambo haya yanataka miezi, usije wiki ijayo kunilaumu."

Kunawa hakukumshinda. Kilichomshinda ni vidole. Vilipanda shavuni vyenyewe, vikitafuta cha kutumbua, mpaka dereva wa teksi akajipa kazi ya kumkemea: "Mikono chini!" Wateja wote wakaliiga neno hilo.

Shangazi alinuna. "Kwa hiyo ndimu yangu siku hizi ni sumu?"

"Si sumu, shangazi. Weka kwenye chai, nitainywa yote."

Aliinywa kweli, akikunja uso. Asubuhi shangazi alikuwa anamgongea mlango wa bafu: "Bibi harusi hajamaliza tu?"

Mwezi wa kwanza hakuna alichokiona. Wa pili, wekundu ulipoa. Dawa ilipoongezwa, ngozi ilibanduka kidogo, naye nusura akate tamaa, ila mdogo wake alikuwa anapiga simu kila jioni kuuliza kama amenawa. Kisha chunusi zikaanza kupungua, moja moja, bila kuaga. Hazikwisha zote. Moja mbili bado huzuka kidevuni, na madoa yapo mpaka leo. Lakini taulo zilishuka kutoka kwenye vioo, na jioni moja Msasa aligundua kwamba amenyoa tangu asubuhi bila kujitazama hata mara moja.

Siku moja alirudi nyumbani mapema, akamkuta shangazi mbele ya dirisha, uso mweupe kwa krimu ya kukinga jua, kopo mkononi.

"Nilikuwa naikagua," alisema shangazi. "Mtu hawezi kujua watoto mnapaka nini siku hizi."

"Umepaka nyingi mno, shangazi. Leta mkono nikuonyeshe."

Shangazi akavuta kiti, akaketi, akampa mkono.