Wazee Watatu wa Mama Divine

"Na hakimu akikosea, yule aliyehukumiwa anafanya nini?"

Niliulizwa hivyo siku yangu ya kwanza ya kazi, katika chuo kimoja karibu na Euless, Texas. Aliyeuliza ni Mama Divine, Mrundi wa Haltom City, mwanafunzi aliyenizidi umri. Alikuwa akitandika vitanda hotelini tangu alfajiri na kuja darasani adhuhuri akiwa bado na sare. Somo langu lilikuwa historia ya sheria, na tulianza na mahakama za Waskoti wa enzi za kati. Nikamwambia, "Tutafika huko." Hatukufika.

Kabla ya hapo nilikuwa msaidizi wa Profesa mmoja Houston. "Usiwape jibu ambalo hujaliona kwenye waraka," alizoea kusema. Basi nilifundisha nilichokiona. Waskoti walikuwa na mtamka hukumu, mtu aliyeijua sheria kwa kichwa na kuisema kwa sauti mbele ya watu. Baadaye mfalme akaanza kutoa hati, amri fupi ya maandishi iliyomtaka liwali wake awaite watu wa eneo waseme kwa kiapo shamba ni la nani. Tena mtuhumiwa aliweza kuleta waapaji, majirani wenye heshima walioapa pamoja naye kwamba anasema kweli.

Mama Divine alicheka. "Mwalimu, hao si bashingantahe wetu?" Akawaeleza wenzake kwamba ni wazee wanaoamua kesi za majirani kwao Burundi. "Hata hapa Texas ninao watatu. Mmoja anaendesha forklift ghalani, anapakia mizigo."

Muhula ulipokaribia kwisha, mwalimu mwingine alimshtaki Mama Divine kwamba insha yake ya Kiingereza iliandikwa na mtu mwingine. Akipatikana na hatia, nafasi yake ya kusomea uuguzi ingepotea. Mkuu wa Idara akaniita.

"Utamsindikiza kwenye kikao cha nidhamu, lakini hutasema kitu. Mkataba wako unaisha Mei, unakumbuka?"

Nilikumbuka. Wiki ile nilipitiliza njia yangu ya kutokea barabara kuu mara mbili.

Siku ya kikao nilimkuta kwenye korido na wazee watatu, wamevaa makoti na tai, mmoja ameshika fimbo. Nilitaka kumwambia awarudishe, lakini mlango ulishafunguliwa.

"Tumekuja kuapa," alisema mwenye fimbo. "Tulimwona akiiandika mwenyewe, ukumbi wa kanisa, baada ya misa."

Mwenyekiti wa kikao aliangalia karatasi zake. "Samahani, tunapokea nyaraka tu."

Mzee akamtazama. "Na hizo nyaraka zinamjua tangu lini?"

Wakaambiwa wasubiri nje. Mimi niliyefundisha muhula mzima habari za waapaji, ndiye niliyefunga mlango nyuma yao. Nusu saa baadaye Mwenyekiti alisoma uamuzi: ana hatia.

"Una la kusema?"

Mama Divine alisimama. Hakuondoka wala hakukaa. Alifungua mdomo, kisha akanigeukia. "Mwalimu?"

Nilimshika mkono. "Twende, mama. Tutaandika rufaa nzuri, kwa utulivu."

Akanifuata.

Rufaa niliiandika mimi, kurasa nne. Jibu lilikuwa mstari mmoja: hakupinga uamuzi alipopewa nafasi.

Mei walitaka kuniongezea mkataba, nikakataa. Nina miaka thelathini na mmoja, niko ofisi ya bima Dallas, na wenzangu hunitania kuwa mwalimu mstaafu. Wadogo zangu mnaoniuliza kuhusu kazi hii, sijui niwaambie nini. Nilijisifu kwamba natilia shaka kila kitabu. Chumbani mle sikumuuliza mtu lolote. Mama Divine bado anatandika vitanda, na tukikutana dukani bado ananiita Mwalimu. Hapo natamani angenitukana.

Mwaka jana, nikisoma bila sababu, nilikutana na sheria ya Waskoti ya mwishoni mwa enzi zile. Mtu aliyeona hukumu ni ya uongo aliruhusiwa kuikataa, ila ilimpasa aseme papo hapo, kabla hajaondoka mahali aliposimama.