Mdahalo wa Punda na Mizani ya Mbuzi

Enzi hizo Lodwar, kabla watoto hawajaanza kuzaliwa na simu mkononi, msichana wa shule alinyolewa upara kila muhula ulipoanza, akapewa sare itakayomtosha miaka kadhaa ijayo, kisha akaambiwa aache kulia. Tulioga mto Turkwel maji yalipokuwepo. Yalipokauka tulichimba mchanga wa luga, yaani mto mkavu, kwa mikono mpaka unyevu ukatokea, halafu tukakaa kando ya shimo kwa subira, kama wageni wanaongoja chai. Tulitafuna makoma, matunda magumu ya mikoma, mpaka fizi zikauma. Mchana ardhi iliunguza nyayo, nasi tukakimbia kutoka kivuli hadi kivuli, mchezo ambao watoto wa leo hawawezi kuucheza kwa sababu wana viatu. Shuleni tulikula mahindi ya njano ya msaada, magumu kiasi cha kumjenga mtu taya. Nadhani ndiyo maana kizazi chetu kinaongea sana.

Mimi hasa. Kila Ijumaa alasiri tulikuwa na mdahalo, na Ijumaa moja mada ilikuwa kwamba punda ni bora kuliko gari. Nilipewa upande wa punda, upande ambao ningeuchagua hata bila kupewa. Nilisema punda hanywi petroli. Nilisema gari likikwama mchangani husukumwa na watu, lakini punda akikwama hujikwamua mwenyewe. Nilisema punda huijua njia ya nyumbani hata bwana wake akisinzia. Wenzangu walipiga madawati, wapinzani wakiwemo.

Mwamuzi, mwalimu wetu aliyekuwa na taulo ndogo ya jasho begani siku zote, akasimama. "Huyu msichana amesema," akakiri. "Lakini angalieni hiyo miguu! Imepauka kama ya ngamia. Mtu wa miguu kama hiyo atatuambia nini?"

Darasa liliangua kicheko. Gari likashinda.

Nyumbani bibi yangu alinisikiliza akiwa na shanga zake, zilizopangwa kuanzia mabegani hadi kidevuni, kwa hiyo hakuweza kuinamisha kichwa kunihurumia. Kwake dawa ilikuwa wazi: ngozi ya msichana hupakwa mafuta. Ijumaa iliyofuata akanipaka mafuta ya kondoo, kama alivyopakwa yeye katika usichana wake, nikang'aa kama sufuria mpya. Bibi hakuwahi kusoma shule, hivyo hakujua kwamba mdahalo hufanyika saa ile ile ambayo upepo wa Lodwar huvuma. Nilipofika mbele ya darasa vumbi lote la kiwanja lilikuwa limenishika, na inzi walikuwa wamekuja kusikiliza. Mada ya siku hiyo nimeisahau. Uamuzi ninaukumbuka: "Leo amejipaka. Anatafuta mume?"

Mama yangu alikuwa anakoroga uji nilipomweleza. Hakuacha kukoroga. "Ukipauka wanacheka, uking'aa wanacheka," alisema. "Basi wewe sema tu."

Nikasema. Nikasema mpaka chuo kikuu Nairobi, ambako nilimaliza kuwasilisha mada juu ya ukame, na swali la kwanza likawa kama kwetu sote tuko weusi namna hii. Nikasema kwenye semina ambako mwenyekiti alinishukuru kama "mrembo wetu kutoka kaskazini", kisha akamkaribisha msemaji aliyefuata kwa cheo cha daktari. Udaktari ulikuwa wangu. Yule bwana alikuwa na suti tu. Basi nikajifunza ujanja wa wanawake wa rika langu: kujipodoa kwa saa nzima, na hoja kuiandaa kwenye teksi. Nina shahada za kutosha na mawigi zaidi ya shahada, na sina hakika ni kipi kilichonifungulia milango.

Kwa hiyo binti yangu Akiru aliponipigia simu majuzi kwamba atasimama kwenye baraza la soko la mbuzi kule Kakuma, sikumuuliza atasema nini. Nilimuuliza atavaa nini. Nikatoka Lodwar, nilikorudi kuishi, na mfuko wenye losheni, kitambaa cha kichwa na gauni la kufunika magoti. Akiru alinipokea akiwa na rasta, kipini puani, suruali iliyochanika magotini na akala za tairi miguuni. Hata "ejok" hakuniambia. Hawa vijana salamu wanazituma kwa simu.

"Mathe, tulia," alisema alipouona mfuko. "Naenda kuongea, siendi kuolewa."

Akiru huuza mbuzi pamoja na kikundi cha akina mama, wenyeji na wakimbizi. Sokoni dalali humtazama mbuzi, humbinya kiuno, kisha hutangaza kwamba amekonda, na mbuzi wa mwanamke hukonda kuliko wa wengine wote. Akiru alitaka mbuzi wauzwe kwa mizani. Wazee wa baraza wakimsikiliza, akina mama wale wangepata nafuu. Wakimcheka alivyo, hakuna ambaye angemsikiliza tena soko lile.

Nilikaa nyuma, mfuko mapajani, nikisubiri neno "rasta". Akiru alieleza vizuri. Mzee mmoja mwenye unyoya wa mbuni kwenye kofia akainuka, akaegemea fimbo, akamtazama binti yangu kuanzia kichwani mpaka kwenye akala, bila haraka yoyote. Nikafumba macho.

"Huyu msichana," akasema, "hajui mbuzi."

Nikafumbua macho.

"Mimi asubuhi nanywesha mbuzi yangu maji mpaka inajaa. Wewe utapima mbuzi ama utapima Turkwel?"

Watu wakacheka, na Akiru pia akacheka kidogo. Mwingine akadakia, "Na ile imetoka Kaikor kwa miguu? Nyama imebaki njiani. Mizani italipa njia?"

"Zilale hapa kwanza, zipumzike," Akiru akajibu. "Zipimwe kabla ya maji."

"Zilale kwa nani?"

"Kwangu!"

"Na wewe utalala wapi, mama?"

Kisha mama mmoja kutoka Sudan Kusini, wa kikundi chake mwenyewe, akainua mkono. "Akiru, na mbuzi iko na mimba? Hiyo uzito ya nani?"

Walimbana kila upande, wakakatana maneno, wakabishana wao kwa wao, mpaka mzee wa unyoya akapiga fimbo chini. "Siku ya soko ingine, kuja na jibu ya maji na jibu ya mimba. Na hiyo mizani ulete, tuione."

Akiru alitoka amefura. "Mathe, wamenimaliza! Na wewe unacheka nini?"

Nilikuwa nacheka kweli, mpaka machozi, kama mtu aliyetuliwa mzigo alioubeba hata akasahau kuwa ni mzigo. Utamwelezaje mtoto kwamba kuna furaha katika kuambiwa umekosea?

Kuna mengi watoto hawa wameyakosa. Hawajui kungoja maji yajitokeze mchangani, hawajui ladha ya koma lililookotwa, na kusalimia kunawashinda. Nikiwatazama naikumbuka Lodwar yetu na roho inaniuma. Lakini jioni ile, chai ikipoa mbele yake, Akiru alikuwa anabishana peke yake kwa sauti juu ya mbuzi mwenye mimba. Katika umri wake, saa kama ile, mimi nilikuwa mbele ya kioo.